Kuteleza Nje ya Vituo Katika Milima ya Colorado: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Colorado peke yake, hasa milima iliyo kando ya barabara za I-70 na US 40 magharibi mwa Denver. Theluji ya Alps, ya Japani au ya pwani ya Washington ina tabia zake, na mtu akikuambia kwamba theluji ni theluji tu, mwache aende peke yake. Wengi wanaouliza tayari wanajua kuteleza kwenye vituo vya kulipia, kwa skii au kwa ubao. Wamechoshwa na foleni na bei za tiketi, na sasa wanataka kujua kuna nini upande wa pili wa kamba ya mpaka wa kituo.

Huko nje kuna tofauti gani na kituoni?

Mlima ni uleule. Tofauti ni nani anayeushughulikia. Kituoni, kabla hujamaliza chai yako ya asubuhi, wafanyakazi wameshapanda na baruti na kulipua miteremko inayotia shaka ili theluji ishuke kabla wateja hawajafika. Kisha umati wa watu huikanyaga siku baada ya siku mpaka matabaka yake yakashikamana. Ukivuka kamba, kazi hiyo hakuna aliyeifanya.

Mfano mzuri ni Berthoud Pass, mita 3,446 juu ya usawa wa bahari. Pale palikuwa na kituo kuanzia mwaka 1937 hadi 2001. Lifti ziling'olewa, na leo pamebaki banda la kujipasha joto, maegesho ya magari na miteremko ileile. Ardhi ni msitu wa taifa, hivyo huhitaji tiketi. Lakini mzee aliyetelezea pale miaka ya 1980 na kukuambia "pale hapana shida" anakumbuka mlima uliokuwa ukilipuliwa na kukanyagwa. Huo haupo tena.

Bila lifti, watu wanapandaje?

Wanapanda kwa miguu, wakiwa wamevaa skii zao. Chini ya skii hubandikwa utepe mrefu wenye manyoya mafupi yaliyolalia upande mmoja. Ukisukuma mbele unateleza, ukirudi nyuma manyoya yanashika. Zamani ilikuwa ngozi ya sili, ndiyo maana mpaka leo huitwa ngozi, ingawa sasa ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa mohea. Kishikizi cha buti nacho huachia kisigino kiinuke wakati wa kupanda, halafu hukifunga wakati wa kushuka. Vishikizi vyepesi vya pini vilivyoenea siku hizi vilibuniwa na Fritz Barthel wa Austria miaka ya 1980, na waliokuwa wakibeba vyuma vizito kabla yake wana kila sababu ya kumwombea.

Wa ubao hutumia ubao unaopasuliwa katikati ukawa skii mbili za kupandia, kisha huungwa tena kileleni. Unaweza pia kuvaa viatu vipana vya theluji na kubeba ubao wako wa kawaida mgongoni. Inawezekana, ila wenzako wa skii watakusubiri sana.

Ujue hesabu yake mapema: saa mbili za kupanda kwa dakika kumi za kushuka ni jambo la kawaida. Kama kupanda hakukufurahishi, mchezo huu hautakufurahisha.

Sijawahi kuteleza kabisa. Naweza kuanzia huko?

Hapana. Jifunze kituoni mpaka uweze kushuka bila kuanguka kwenye theluji ngumu, nzito na iliyovurugika, kwa sababu huko nje hakuna trekta linalosawazisha njia usiku. Ukitaka kuzoea ngozi na vishikizi, baadhi ya vituo, kikiwemo Arapahoe Basin, huruhusu watu kupanda kwa miguu kwenye njia zao kwa kibali na kwa masharti. Hapo utafanya mazoezi ukiwa bado upande salama wa kamba.

Poromoko la theluji linatokeaje hasa?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukilielewa, maswali mengine yote ni madogo.

Theluji hainyeshi mara moja ikaisha. Kila dhoruba huweka tabaka lake, na kati ya dhoruba na dhoruba tabaka la juu hubadilika kwa jua, upepo na baridi. Poromoko linaloua ni lile ambalo tabaka gumu, tuliite bamba, limelala juu ya tabaka dhaifu kwenye mteremko wenye ukali wa kutosha. Mtu akipita juu, uzito wake hulivunja tabaka dhaifu chini yake. Mpasuko hukimbia kuliko macho yanavyoweza kufuata, na bamba zima huachia kwa pamoja, mara nyingi ukiwa umesimama katikati yake. Katika ajali zilizo nyingi, karibu tisa kati ya kumi, aliyeanzisha poromoko ni mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake. Mlima haukukusudia lolote.

Colorado ina balaa lake la ziada. Tuko mbali na bahari, theluji ya mwanzo wa msimu ni haba, na usiku ni mkavu wa baridi kali. Ardhi chini hubaki karibu na sifuri huku hewa juu ikiwa chini ya hapo mbali sana, basi mvuke hupanda ndani ya theluji na kuzigeuza chembe zake kuwa fuwele zenye pembe zisizoshikana. Zichukue mkononi, zitamwagika kati ya vidole kama sukari, na wenyeji huziita hivyo hivyo. Theluji ya Oktoba na Novemba iliyobaki kwenye miteremko ya kivulini, inayotazama kaskazini na mashariki, hugeuka sukari. Kisha Desemba na Januari hurundika mabamba juu yake. Tabaka hilo linaweza kukaa chini wiki nyingi, hata miezi, bila dalili yoyote juu.

Ongeza upepo. Kwetu huvuma zaidi kutoka magharibi, ukaikwangua theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuilundika upande wa pili. Siku ambayo haijanyesha hata chembe, mteremko wa mashariki unaweza kuwa umepokea nusu mita ya theluji mpya iliyobanwa. Usitazame mbingu tu; tazama kama vilele vinatoa moshi mweupe.

Kuna dalili za kuonekana au kusikika?

Zipo, nazo hazihitaji shahada. Ukiona poromoko la karibuni kwenye mteremko unaofanana na wako, hiyo ni barua iliyoandikwa jina lako. Ukisikia theluji chini yako ikitoa mguno mzito na kushuka kidogo, tabaka dhaifu limevunjika papo hapo, na bahati yako ni kwamba ulikuwa mahali tambarare. Nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha ya skii zina maana hiyohiyo. Ila zisipoonekana, usichukulie kwamba ni salama. Sukari iliyozikwa mita moja chini inaweza kunyamaza mpaka mtu wa tano apite mahali ambapo bamba ni jembamba.

Kama siwezi kuisoma theluji kama mtaalamu, nifanye nini?

Pima mteremko. Huu ndio msimamo wangu na siubadilishi. Theluji hubadilika kila siku na hata wataalamu huibishania, lakini ukali wa mteremko hausogei, na unaupima ukiwa nyumbani.

Mabamba mengi huachia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya nyuzi 30 ni nadra sana. Ramani nyingi za simu zina kivuli cha rangi kinachoonyesha miteremko inayozidi nyuzi 30, na kipima-mteremko kidogo cha mfukoni kitakuhakikishia ukifika. Usiamini macho. Karibu kila anayeanza huona nyuzi 28 kama ukuta anapotazama chini na kama uwanja wa mpira anapotazama juu.

Kuna mtego mmoja. Haitoshi uliposimama pawe tambarare. Tazama kilicho juu yako. Bonde lenye nyuzi 15 chini ya uso wa nyuzi 38 ni mahali poromoko linapokuja kulala, na unaweza kulianzisha ukiwa huko huko chini, kwa sababu mpasuko husafiri ndani ya tabaka dhaifu hadi juu. Njia nzuri ni ile ambayo hata mlima wote ukishuka, wewe haupo.

Wapo wanaosema miteremko ya nyuzi 25 ni ya wazee na watoto. Waache waseme. Theluji laini ya magotini kwenye nyuzi 25, katikati ya misonobari iliyotawanyika, asubuhi ya Januari, sijui mtu anatafuta nini zaidi.

Utabiri wa maporomoko unapatikana wapi, na unasomwaje?

Unatolewa bure na kituo cha jimbo, Colorado Avalanche Information Center, kwa kifupi CAIC, kila siku ya msimu. Kiwango cha hatari huenda kutoka 1 mpaka 5. Watu husoma namba wakafunga simu, na hilo ndilo kosa. Chini ya namba kuna maelezo ya aina ya tatizo, pande za mlima zenye tatizo hilo na mwinuko unaohusika. Utabiri unaosema "3, tabaka dhaifu la kudumu, kaskazini na mashariki, juu ya mstari wa miti" umekupa ramani ya mahali pa kutokwenda.

Namba 3 ndiyo inayodanganya. Ikiwa 5, hakuna anayetoka. Ikiwa 1, wengi hurudi salama. Namba 3 iko katikati, watu huisoma kama wastani wa kawaida, kumbe maana yake ni kwamba mtu anaweza kuanzisha poromoko kwa urahisi mahali penye tatizo. Tarehe 20 Aprili 2013, utabiri ukiwa 3, kundi la watu sita wenye ujuzi na vifaa kamili lilipanda Sheep Creek karibu na Loveland Pass. Walikuwa wameusoma utabiri na kuujadili. Walipokuwa wakivuka sehemu ya chini kuelekea mahali walipopaona salama zaidi, mteremko wa juu yao uliachia hadi kwenye ardhi, na wote sita walikuwa ndani ya njia yake kwa wakati mmoja. Watano walikufa. Wa sita alibanwa kwenye theluji kwa saa kadhaa mpaka waokoaji walipofika. Colorado haikuwa imeona poromoko lililoua watu wengi hivyo tangu 1962.

Vifaa gani ni vya lazima?

Vitatu, kwa kila mtu. Cha kwanza ni bikoni, redio ndogo inayofungwa kifuani na kutuma mawimbi ya kilohezi 457; zote duniani hutumia masafa hayo, hivyo ya kampuni yoyote humsikia mwenzake. Cha pili ni fimbo ya kukunjwa, angalau mita 2.4, ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa. Cha tatu ni beleshi la chuma. La plastiki liachie watoto, kwa sababu theluji ya poromoko ikisimama huganda.

Simu iwe angalau sentimita 20 kutoka kwenye bikoni inayotuma, na sentimita 50 unapotafuta. Saa janja na glavu za umeme nazo zina makelele yao. Bikoni iliyotumika naishauri kwa shingo upande. Beleshi lililotumika, nunua bila wasiwasi. Begi lenye puto linalofumuka husaidia mtu abaki juu ya theluji inayotembea, lakini halikukingi na miti wala majabali. Nchini Kanada, utafiti ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanne wanaokufa kwenye maporomoko huuawa na majeraha wala si kukosa hewa.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachozuia poromoko. Vinasaidia baada ya mambo kuharibika, tena ikiwa yuko mtu juu wa kuvitumia.

Mwenzangu akifukiwa nifanye nini?

Usiondoke kwenda kutafuta msaada. Msaada ni wewe. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa ya kuishi. Baada ya hapo nafasi hiyo huporomoka haraka, na ikifika nusu saa wengi wamekwisha.

Kaza macho mahali ulipomwona mara ya mwisho. Hakikisha hakuna theluji nyingine inayoning'inia juu. Kila aliyebaki ageuze bikoni yake kwenye kutafuta. Mmoja akisahau, wengine watakuwa wanamfuata yeye. Mtandao ukiwepo na mko zaidi ya mmoja, mmoja apige 911, namba ya dharura, wengine wakiendelea. Bikoni ikionyesha umbali mdogo kabisa, choma fimbo kwa mduara, na ikigusa mtu iache palepale. Kisha chimba ukianzia upande wa chini wa fimbo na uingie kwa usawa. Kuchimba ndiko kunakokula muda mrefu kuliko yote, na ndiko watu wasikokufanyia mazoezi. Fikia kichwa, safisha mdomo na pua, ondoa theluji kifuani.

Fanyeni mazoezi na begi lililofukiwa ili mikono izoee kabla ya siku yenyewe.

Nikiita waokoaji, nitadaiwa pesa?

Hapana. Makundi ya uokoaji ya Colorado ni ya kujitolea na hayamtozi anayeokolewa. Basi usichelewe kupiga kwa hofu ya bili, kwa sababu wapo waliosita mpaka giza likaingia. Kinachoweza kukudai ni helikopta ya matibabu au gari la wagonjwa litakalokupeleka hospitali. Hilo ni la bima yako. Kuna pia kadi ya CORSAR inayouzwa kwa bei ndogo na kuchangia gharama za uokoaji za kaunti. Haikukatii bima, ila inunue.

Kozi ni lazima?

Sheria haidai. Mimi nadai, kama unataka twende pamoja. Kozi ya kwanza ya AIARE, shirika la Marekani la mafunzo ya maporomoko, ni ya siku tatu, nyingi zikiwa nje kwenye theluji, na kuna siku moja ya ziada ya uokoaji peke yake. Ukibanwa na fedha anza na hiyo ya uokoaji. Maduka ya vifaa na CAIC hufanya pia mihadhara ya bure mwanzoni mwa msimu.

Naweza kwenda peke yangu? Na kundi zuri ni la watu wangapi?

Peke yako, nani atakuchimba? Watu watatu au wanne wanatosha. Wakizidi hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake, na kila mtu hudhani fulani ameshakagua.

Hapa kuna jambo linalotuhusu hasa sisi Waafrika Mashariki. Tumelelewa kwamba mkubwa haambiwi, na kijana akiona mashaka humeza. Mlimani adabu hiyo inaua. Kubalianeni kwenye maegesho, kabla ya kufunga buti, kwamba mtu yeyote akisema "mimi sipandi hapa" mnageuka wote, bila mjadala na bila kumcheka njiani. Kama kaka mkubwa wa kundi hawezi kulikubali hilo, mwachieni udereva tu. Na kwenye mteremko wowote wa shaka mshuke mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama.

Nivae nini?

Kitambaa kisichoshika jasho mwilini, joto katikati, koti la kuzuia upepo juu. Pamba hapana, jinzi hapana kabisa. Anza kupanda ukihisi baridi kidogo. Ukiloa jasho dakika ya ishirini, utalilipa kileleni. Weka koti zito kwenye begi, miwani ya jua, na chai kwenye chupa ya moto. Ya tangawizi, kama unaniuliza mimi.

Mwinuko unaathiri?

Sana. Denver yenyewe iko kwenye mita 1,600, na miteremko tunayozungumzia iko zaidi ya mara mbili ya hapo. Mgeni aliyeshuka jana kutoka kwenye ndege akitokea Mombasa au Muscat asipelekwe Berthoud leo. Kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, shukeni.

Gari la kawaida linatosha?

Kati ya Septemba 1 na Mei 31, sheria ya I-70 kutoka Morrison hadi Dotsero inadai matairi yanayofaa theluji au minyororo ndani ya gari. Tairi zilizokwisha ndizo zinazofunga barabara Jumapili jioni. Ondoka Denver kabla ya alfajiri, kwa sababu ya theluji na kwa sababu ya foleni.

Nikianzisha poromoko likafika barabarani, ni kosa la kisheria?

Linaweza kuwa. Mwishoni mwa Machi 2020, watu wawili wa ubao walianzisha poromoko juu ya mlango wa handaki la Eisenhower, kwenye I-70. Theluji ilifika kwenye barabara ya huduma na kuharibu mtambo wa kuangushia maporomoko, nao wakafikishwa mahakamani. Video ya kamera yao wenyewe ilitumika kama ushahidi. Kama chini yako kuna lami, tafuta mteremko mwingine.

Kuna mahali pa kulala mlimani?

Kuna vibanda vya shirika la 10th Mountain Division Hut Association, lililoanzishwa mwaka 1980 na kupewa jina la kikosi cha jeshi la Marekani kilichofanyia mazoezi ya skii Camp Hale wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vya kwanza vilijengwa 1982, kimojawapo kikiitwa Margy's Hut kwa kumbukumbu ya mke wa Robert McNamara, waziri wa zamani wa ulinzi. Ndani kuna jiko la kuni, magodoro na sufuria za kuyeyushia theluji. Chakula na mfuko wa kulalia unabeba mwenyewe. Nafasi za wikendi huisha miezi mingi kabla.

Kuna Waafrika Mashariki katika mchezo huu?

Kwenye mashindano yupo Philip Boit wa Kenya, aliyekimbia kilomita 10 za skii za nyanda huko Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa mwisho, huku bingwa Bjørn Dæhlie akimsubiri kwenye mstari amkumbatie. Huo ni mchezo wa njia zilizotengenezwa, tofauti na huu. Kwenye maegesho ya Loveland Pass bado tuko wachache, lakini Kiswahili kinasikika.

Msimu unaisha lini?

Kwa wengi, vituo vinapofungwa Aprili. Kwa wanaojua, hapo ndipo miteremko mikali inapoanza kupandika, kwa sababu sukari ya majira ya baridi huwa imeloa, ikaganda na kushikamana. Sheria mpya ni saa. Anza gizani theluji ikiwa ngumu, shuka inapolainika juu tu, na uwe umerudi garini kabla ya adhuhuri, kwani theluji iliyoloa nayo huporomoka. Ikiwa usiku haukuganda, rudi kitandani. Baada ya Juni kuna St. Mary's Glacier juu ya Idaho Springs, kipande cha theluji ambacho watu hutelezea hata Julai wakiwa na kaptula. Maegesho yake ni ya kulipia na hujaa mapema.